Mke Mwenza wa Mama Amefufuka

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba lile goti lako linalokusumbua kila baridi ikiingia limetulia. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, tena mzima kupita kiasi, utaona mwenyewe huko mbele. Wifi yako anakusalimu sana na anasema gauni ulilomtumia limemkaa vizuri isipokuwa mabegani, ila hilo la mabega nilikatazwa kukwambia. Mimi na karakana yangu tunaendelea. Watu bado wanalala vitandani na wanafunga milango, kwa hiyo seremala anakula.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Nilitaka kupiga, Mama ndiye aliyekataa. Alisema simu yako ina tabia ya kukatika kila linapotajwa jina la Baba, na kwamba sote tunajua si mtandao. Usinune, hayo ni maneno yake, mimi ni karani tu. Basi amenikalisha hapa mezani, akanipa kalamu, akaniamuru niandike yote tangu mwanzo bila kuruka kitu, hata yale yanayomwaibisha yeye. Mimi nimezoea kuandika vipimo vya mbao, kwa hiyo nivumilie.

Haya, kaa chini kwanza. Pikapu ya Baba inatembea.

Najua. Najua ulichosema siku ile unaondoka. Ulisimama pale ubavuni mwa nyumba, ukaweka kiganja juu ya boneti, ukasema mtu yeyote asiiguse, ikae vilevile alivyoiacha. Na tulikutii, Dada. Tangu Baba atutoke, ilikaa juu ya matofali mpaka tairi zikanywea, kutu ikala milango, na kuku wakageuza kiti cha dereva kuwa chumba cha kutagia. Siku moja nikiwa nimeinama natoa yai chini ya usukani, nilijiambia kwamba Baba angeona hali ile angetufukuza sote nyumbani, kuku na mimi.

Kilichonisukuma ni mlango. Nilikuwa nimemtengenezea mama mmoja mwenye duka la vitambaa mlango wa mbele, kazi ya kujivunia, nikaupeleka kwa mkokoteni kama kawaida. Mkokoteni ukaingia shimoni, mlango ukalala kifudifudi kwenye kokoto. Yule mama aliutazama mlango, akanitazama mimi, akauliza kama ule ni mlango wa nyumba au ni ubao wa kukatia nyama. Niliurudisha nikaupiga randa upya, na jioni nikamwendea Mama na maneno yangu niliyoyapanga vizuri, nikijua atakataa. Hata sijayamaliza, akaniambia Baba alinunua gari la kubebea mizigo, si banda la kuku, na kwamba amechoka kupita ubavuni mwa nyumba akiwa amefumba jicho moja. Unakumbuka alivyokuwa akiiita pikapu ile mke mwenza wake, kwa kuwa Jumapili nzima Baba alikuwa chini yake na akitoka hapo ananukia petroli? Basi alisema mke mwenza akiugua unamtibu, humwachi aozee uani watu wakikuona.

Nilianza mwenyewe. Nilijiambia mbao na chuma si mbali sana, vyote vinahitaji subira. Loo! Mbao ukikosea inapasuka ukajua umekosea. Chuma kinakunyamazia. Petroli niliyoitoa kwenye tangi ilikuwa imegeuka rangi na inanuka kama vanishi iliyooza. Breki zilikuwa zimeganda, nikazipiga nyundo mpaka majirani wakaja kuuliza kama tunabomoa nyumba. Nilibadilisha tairi, plagi na betri, nikakata nati mbili kwa nguvu za kijinga. Hatimaye tukaisukuma, ikapiga chafya moja kubwa, ikatema moshi mweusi juu ya kamba ya nguo na kuzimika. Wifi yako hakusema na mimi mpaka nilipozifua zile nguo kwa mikono yangu.

Ndipo Mama akasema tuache ujuaji, tumwite fundi. Nyuma ya soko kuna mwenye gereji, mtu mzima wa makamo, mgane, watu wamembandika jina la Taratibu kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Ukimwambia una haraka, taratibu. Ukimwambia gari linawaka moto, taratibu. Hatukuwa tunajuana naye, mimi ndiye niliyekwenda kumwita. Alikuja kwa miguu na mfuko wake wa spana, akaizunguka pikapu bila kugusa kitu, kisha akauliza ni nani aliyekuwa akiitunza. Mama alimjibu akiwa mlangoni mwa jikoni kwamba ni marehemu mume wake. Taratibu akasema marehemu alikuwa mtu makini, kwa sababu kila nati ameipaka grisi kabla ya kuikaza, na hilo watu hawajisumbui nalo. Mama akaacha chungu motoni akaja kusimama karibu. Mimi nikadhani amekuja kulinda mali.

Nataka ujue kwamba Taratibu hakutupilia mbali kitu chochote bila kuuliza. Kile kitambaa cha kiti ulichokishona ukiwa shule, kile cha maua chenye mshono uliopinda, alikitoa kwa mikono miwili, akakikung'uta manyoya ya kuku, akamkabidhi Mama. Kimefuliwa na kimerudi mahali pake. Mshono bado umepinda.

Alifanya kazi yake kipande kwa kipande. Breki, rejeta, waya za plagi, mkanda wa feni. Kabureta aliifungua yote juu ya kipande cha mbao changu, akavipanga vile vidude vidogo mstari kama mtu anayetandika meza. Mwenyewe unajua, maana ulikuwa unakaa na Baba kwenye gari lile kuliko mimi: kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa, na ubavuni ina skrubu moja ndogo. Ukiikaza mno injini inakosa mafuta na kuzimika, ukiilegeza mno inapaliwa, inakohoa na kutoa moshi mweusi. Mafundi wengi hupima kwa sikio. Taratibu hupima kwa maji. Huomba glasi ya maji, akaiweka juu ya ule mfuniko bapa wa injini, injini ikiwa inanguruma, halafu anageuza skrubu kidogokidogo huku macho yake yako kwenye maji. Yakirukaruka, bado. Yakitetemeka kidogo tu kama uji unaopoa, anaitoa bisibisi. Kisha anayanywa, akisema maji yaliyofanya kazi hayamwagwi.

Mara ya kwanza Mama alimletea kikombe cha plastiki. Taratibu akaomba radhi, akasema kinatakiwa kitu cha kuonea ndani. Mama akaingia ndani, nikasikia ufunguo wa kabati. Dada, akatoka na moja ya zile glasi zenye ukingo wa dhahabu! Zile ambazo wewe ulichapwa kwa kugusa moja na mimi nikachapwa kwa kukutazama ukigusa. Ikawekwa juu ya injini yenye mafuta, mikononi mwa mtu mwenye grisi mpaka viwiko. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye maji.

Pikapu ikatulia. Nikapeleka kitanda kwa mteja nikiendesha kwa mkono mmoja, nikipiga honi bila sababu, na watu waliomjua Baba walisimama kando ya barabara wakapunga mikono. Mmoja alifuta macho. Nilitamani ungekuwepo, ijapokuwa nilijua ungelia kuliko yeye.

Baada ya siku chache nikaamka, nikawasha, ikakohoa. Moshi mweusi huo. Mama akachungulia dirishani, akasema masikini, si tumwite fundi aitazame? Akaja, glasi ikaja, maji yakatulia. Juma lililofuata, kikohozi kilekile. Taratibu akaja tena. Ikawa ndio mtindo: jioni mzima, asubuhi mgonjwa. Nilibadilisha kituo cha petroli, nikasafisha tangi, nikalaumu baridi ya alfajiri. Taratibu hakudai hata senti kwa safari hizo, alisema kazi inayorudi hailipwi mara mbili. Akimaliza anaketishwa kibarazani, chai inakuja, na huko karakanani nikawa namsikia Mama anacheka. Cheko lile la kurusha kichwa nyuma, unalijua. Nilikuwa sijalisikia muda mrefu, na nilisema moyoni kwamba angalau kuna mtu anafaidi ubovu huu. Niliona pia kwamba Taratibu sasa anakuja kutengeneza gari akiwa na shati lililopigwa pasi. Hilo nalo niliona likapita.

Sasa unanijua nilivyo na kichwa chepesi kupata moto. Siku moja, akinywa chai, Taratibu alisema pikapu kama ile siku hizi hazipatikani, na kwamba tukichoka nayo wakati wowote yeye yupo, atailea. Nikajiambia, ahaa! Kumbe ndiyo shabaha. Anaitia ugonjwa makusudi ili tukate tamaa tumwachie kama chuma chakavu. Jioni ile alipoondoka nilichukua penseli yangu ya kazi, nikachora mstari mwembamba kutoka kichwa cha skrubu mpaka mwilini mwa kabureta, kama ninavyoweka alama kwenye mbao mbili nisije nikazichanganya. Kulipokucha nikafungua boneti. Mstari ulikuwa umekatika, nusu yake imekwenda kushoto.

Nilimtumia ujumbe aje mara moja. Akaja, taratibu. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na birika mkononi. Dada, nilisema maneno. Nilimwambia ametuwekea skrubu mbovu inayojilegeza, nikamwita tapeli, nikasema anamnyemelea mjane ili ale mali ya marehemu. Hilo la mjane lilinitoka tu, sijui lilitokea wapi, lakini lilitoka. Taratibu aliinama akaitazama alama yangu ya penseli kwa muda, kisha akainua macho akatazama kule mlangoni mwa jikoni, kisha akanirudia mimi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba nina haki, skrubu imekwisha meno, na kosa ni lake. Akairudisha mahali pake bila kuomba glasi, akafuta mikono, akamwambia Mama abaki salama, akaenda zake. Mama aliweka birika chini, palepale chini kwenye vumbi, akaingia ndani.

Mimi nilibaki nikijiona simba. Nikachora mstari mpya, nikaanza kuuvizia. Siku zikapita, mstari uko vilevile. Nilipakia mbao mpaka pikapu ikainua pua, nikapita kwenye kila shimo la mji huu, narudi nafungua boneti, mstari haujasogea hata unywele. Injini inanguruma kama paka aliyeshiba. Skrubu iliyokwisha meno! Ilinishangaza, lakini ushindi hauna maswali mengi. Wakati huohuo Mama akawa anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Nikimwita anaitika, nikimchekesha ananitazama tu kwa huruma. Nilipomuuliza kama anaumwa, alisema mtu akinyamaza nyumbani kwake si lazima awe mgonjwa.

Aliyenifungua macho ni wifi yako. Nilikuwa najisifu mbele yake kwamba tangu nimfukuze yule mtu gari limepona. Akaacha pasi, akaniuliza mambo mawili kwa upole ule wake unaotisha. Aliuliza ni nani anayeamka kabla ya watu wote kuwafungulia kuku, ambao banda lao liko ubavuni mwa pikapu. Kisha akauliza kama nimewahi kujiuliza kwa nini kisu cha kupakia siagi siku hizi kina ncha iliyopinda. Nilisema haiwezekani, Mama hajui skrubu wala kabureta. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza huyo Baba, Jumapili zote zile, nani alikuwa akimshikia taa, nani alikuwa akimgeuzia kile kidude yeye akiwa amekaa kwenye usukani akikanyaga mafuta? Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa namtafuta mwizi gereji, kumbe ananimiminia chai kila asubuhi.

Nilikwenda chumbani kwake. Alikuwa akishona kifungo. Nikaweka kile kisu mbele yake. Kwanza alisema hicho ni kisu. Kisha akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na vyote viwili vikaenda pamoja, nami nikasimama pale kama mlingoti nisijue nishike lipi.

Akasema ndiyo, ni yeye. Akasema alikuwa akiilegeza robo mzunguko tu, haikuzidi, kwa kuwa robo humfanya mke mwenza akohoe lakini haimdhuru, na kamwe asingeliharibu gari la Baba yetu. Mara ya kwanza alijiambia ni utani. Mara ya pili aliona aibu, akaapa ni ya mwisho. Alisema tangu Baba afariki, watu humwamkia kwa sauti ya msibani, hata anayeuliza bei ya mayai anauliza kama anatoa pole. Sisi watoto tunamuuliza kama amekula na kama amemeza dawa, basi. Yule mtu humuuliza anaonaje. Anamwambia injini inafanya hivi na hivi, unaonaje mama, naye akijibu, anamsikiliza. Alisema alikuwa amesahau kwamba ana mawazo. Akasema pia, Dada, na hapa alinishika mkono, kwamba hapati usingizi si kwa sababu ya yule mtu kufukuzwa, bali kwa sababu alisimama na birika lake akamwacha mtu mwema abebe kosa lake mbele ya mwanawe, na hakufungua mdomo. Alisema aliona macho ya fundi yakimjia pale mlangoni, akajua kwamba amejua.

Sitakudanganya kwamba nilifurahi. Niliingia karakanani nikachukua ubao nikaupiga randa, nikaupiga, mpaka ubao wa rafu ukabaki mwembamba hauwezi hata kushika sahani. Nilimwona Baba. Niliona mikono yake na lile kovu kwenye dole gumba. Nilikasirika na Mama, nikakasirika na yule fundi, halafu nikakosa wa kumkasirikia, nikakaa kwenye vumbi la mbao nikalia kama mtoto. Wifi yako alikuja akakaa kando yangu. Nilipoinuka nilikuwa najua jambo moja tu, kwamba namtaka Mama acheke tena, na kwamba Baba mwenyewe asingependa mke wake aishi kwa vijiko viwili.

Basi nikaenda gereji kuomba radhi. Taratibu alikuwa chini ya lori, na hakutoka. Niliomba radhi miguu yake, Dada. Nilisimama pale na kofia mkononi nikiongea na viatu viwili, mafundi wengine wakijifanya wanatafuta spana zilizokuwa mikononi mwao. Nilipomaliza, sauti ikatoka chini ikaniita fundi mwenzangu, ikaniomba nimpe taulo. Alipotoka alisema hakuna la kusamehe, kwamba mtu anayelinda nyumba ya baba yake hutumia fimbo iliyo karibu. Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu mara ya pili. Skrubu haijigeuzi yenyewe robo kamili, na kila mara ilikuwa robo kamili, mkono wa mtu anayejua anachofanya. Alikuwa akiirudisha, anakunywa maji yake, anakwenda nyumbani kupiga pasi shati. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akatazama chini, mtu mzima yule, akasema aliogopa kwamba akisema, itakoma.

Amekuja nyumbani tangu hapo, kwa heshima zote, mchana kweupe, gari likiwa zima. Amesema anachokitaka. Anamtaka Mama wawe mke na mume. Hamlazimishi Mama aondoke nyumba hii kama hataki, na pikapu hataki kuisikia, amesema ni ya watoto wa marehemu na kazi yake yeye ni kuitunza tu. Mimi nimekubali. Nimekubali kwa moyo, si kwa mdomo tu.

Lakini Mama hajamjibu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na mimi nilimkumbusha hivyo, akanikatalia katakata. Alisema wewe ndiye mtoto wake wa kwanza, wewe ndiye uliyekuwa ukilala mapajani mwa Baba, na bila neno lako hatamwambia mtu ndiyo. Nikamuuliza, je, Dada akikataa? Alinijibu bila kufikiri. Alisema mume alishampata, akaishi naye vizuri, akamzika, na hawezi kumpoteza mtoto kwa ajili ya mume. Atamwambia Taratibu hapana, na hatamwambia kwa nini, ili asije akakuchukia mtu asiyekujua.

Ndiyo maana nimeandika, Dada. Pikapu nilikuwa nayo kama kisingizio cha kuanzia. Mimi nakuomba ukubali. Sikuombi umpende, wala umwite baba, mimi mwenyewe bado namwita fundi. Nakuomba tu umpe Mama ruhusa ambayo kwa haki hakupaswa kuiomba kwetu.

Nilipofika hapo Mama aliniambia nimsomee. Nimemsomea yote. Kwenye kisu cha siagi amejifunika uso kwa kanga akacheka. Kwenye maneno yangu ya kukuomba ukubali, ameniambia niyafute, nisikulazimishe. Nimekataa, nimemwambia hiyo ni barua yangu. Basi ameketi hapa kando yangu na ameniambia niongeze maneno yake haya kama yalivyo, nisiyapambe:

Mwambie mwanangu kwamba sijamsahau baba yake, hata siku moja. Mwambie akisema hapana sitamkasirikia, nitaendelea kumpenda vilevile. Lakini anijibu. Tangu tumzike baba yake nampigia ananiambia habari za hali ya hewa, nami nakubali, nazungumza naye habari za hali ya hewa. Hapana yake naiweza. Kimya chake siwezi tena.

Ndivyo alivyosema, na sasa amekwenda kujifanya anatazama kuku.

Wasalimie shemeji na wanao, waambie mjomba wao sasa ni dereva, waogope barabara. Wifi yako anasema usihangaike na mabega ya gauni, ameshayarekebisha. Nasi sote tunakuombea afya na amani huko uliko.

Piga simu, Dada. Na Mama akimtaja Baba, usikate.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitinda Mimba